Goba: faiba, ruta ya 5G au dishi la mtaani? Nipime nini kabla ya kulipa

Mkazi_Bondeni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoifahamu kazi hii.

Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, upande wa bondeni, kama mita 300 kutoka barabara ya lami. Tofali za saruji, bati, dari ya jipsamu, vyumba vitatu na sebule, madirisha ya alumini yenye nondo. Watumiaji ni watano. Mchana kuna mikutano ya video, karibu masaa manne kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mmoja wetu anapakia mafaili ya video ya GB 5 hadi 8 karibu kila siku ya kazi. Jioni televisheni moja. Kuna kamera nne za ulinzi ambazo tunataka kuziangalia kwa simu tukiwa mbali.

Nimepata njia tatu. Faiba, ila nyaya nimeziona barabarani tu. Ruta ya 5G ya kampuni ya simu. Ya tatu ni mtu mwenye mnara mtaani anayefunga dishi dogo juu ya bati. Kila wakala anasema ya kwake ndiyo yenye kasi. Nawezaje kupima mwenyewe kabla ya kutoa hela? Na umeme ukikatika, ipi inabaki hewani?

---

FundiNyuzi

Mkuu, umetaja jambo ambalo wakala hatakuuliza: kupakia. Anzia hapo. Faili la GB 8 ni megabiti 64,000. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 3 (megabiti kwa sekunde) linachukua karibu masaa sita. Kwa Mbps 10 ni saa moja na dakika 47, kwa Mbps 20 ni dakika 53. Tangazo la Mbps 100 halikusaidii kama hiyo 100 ni ya kupakua na ya kupakia ni 5. Uliza kasi zote mbili, na jibu ulipate kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba Mbps 20 zikiwa kamili, kompyuta itakuonyesha faili linashuka kwa MB 2.5 kwa sekunde. Hujaibiwa, baiti moja ina biti nane.

Kwa mahitaji yako itafute faiba kwanza. Nasema faiba kama njia, siipigii debe kampuni yoyote. Mfumo unaofungwa majumbani mara nyingi ni GPON: uzi mmoja kutoka kituoni una Gbps 2.5 za kushuka na Gbps 1.25 za kupanda, unagawiwa nyumba 32 au 64. Mvua haiupunguzii nguvu, mwembe wa jirani hauuzibi, na kati ya kituo na nyumba yako hakuna kifaa kinachohitaji umeme.

Ila "faiba imefika Goba" ni habari ya barabara, haisemi chochote kuhusu nyumba yako. Fuata nyaya kwa miguu. Tafuta boksi dogo jeusi au la kijivu lililofungwa kwenye nguzo, nyaya nyembamba zikitoka chini yake. Lipige picha pamoja na namba yake, na ya nguzo kama ipo, kisha hesabu hatua hadi ukutani kwako. Mpelekee fundi wa kampuni picha hiyo na umuulize swali moja: kuna tundu lililo wazi? Boksi huwa na matundu 8 au 16, na yakishajaa utaambiwa usubiri hata kama liko getini kwako. Kama uzi utapita juu ya kiwanja cha mtu, omba ruhusa mapema. Ugomvi wa namna hiyo huisha kwa mkasi.

Siku ya kufungiwa usikae sebuleni, simama na fundi. Uzi wa kuingilia nyumbani una waya wa chuma pembeni, na mvuto wote ubebwe na huo chuma kwenye ndoano na kibano chake. Usipigwe msumari ukakunjwa juu yake. Kabla ya kuingia ukutani uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu, na tundu litobolewe likiinamia nje, ili maji ya masika yadondokee nje yasifuate uzi hadi kwenye soketi. Uzi wa ziada usizungushwe kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Uzi wa kisasa unavumilia zaidi ya hapo, lakini huwezi kuutambua kwa macho. Konekta ya kijani imekatwa kwa mshazari, ya bluu imekatwa wima. Ukichomeka ya kijani kwenye tundu la bluu inaingia vizuri, na mwanga unapotea.

Mwisho, mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye ONT, kile kisanduku cha ukutani. Kinasomwa kwa dBm, na namba ikienda mbali na sifuri mwanga ni hafifu zaidi. Kati ya −15 na −25 dBm ni salama. Kifaa cha kawaida kinasoma hadi karibu −27, kwa hiyo ukipewa −26 siku ya jua kali usisaini. Konekta moja ikipata vumbi, umekatika. Asafishe ncha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, aunge upya, apime tena. Ncha ya faiba haifutwi kwa shati.

Ukishafungiwa, jifunze taa mbili za ONT. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Kuzima na kuwasha hakusaidii, piga simu na useme "LOS nyekundu" ili fundi aje na vifaa vya kuunga uzi. PON ikiwa imetulia kijani na intaneti haipo, uzi ni mzima. Angalia kama kifurushi kimeisha, au umelipia kontroli namba iliyopitwa na muda.

Udhaifu wa faiba ni kwamba njia ni moja. Lori refu likivuta waya ulioning'inia, au mtaro wa bomba ukichimbwa, mtaa mzima unasubiri. Kwa hiyo waulize majirani watatu wenye huduma hiyo mara ya mwisho ilikatika lini na ilirudi baada ya muda gani. Jibu lao lina thamani kuliko kipeperushi.

---

Mawimbi255

Nakubaliana na FundiNyuzi. Niongezee upande wa 5G, maana kwa nyumba ya bondeni hapo ndipo watu hununua ruta kisha wakajuta.

Usinunue ruta kabla ya kupima kwa simu. Azima simu yenye 5G, weka laini za kampuni tofauti moja baada ya nyingine: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, yoyote unayoweza kupata. Kwa kila laini pima sehemu nne: nje, kwenye kila dirisha, katikati ya sebule, na mahali ruta itakapokaa. Rudia kati ya saa mbili na saa tano usiku, siku ya kazi na Jumapili. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii chochote, kwa sababu mnara mmoja unagawana uwezo wake kwa kila aliye chini yake.

Usiangalie vijiti vya mtandao juu ya skrini. Weka programu inayoonyesha RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi: −90 dBm kuelekea −70 ni nzuri, karibu −100 ni ya kubahatisha, −110 ni ya kuacha. SINR ni usafi wake: zaidi ya 13 ni safi, chini ya 5 tegemea kasi kupanda na kushuka, chini ya 0 usijisumbue. Unaweza kuwa na RSRP nzuri na kasi mbovu, kwa sababu minara miwili inapiga kelele juu ya nyumba yako. Ukisogeza ruta upande wa pili wa nyumba, ukuta ukaukinga mnara mmoja, SINR inaweza kupanda hata kama RSRP imeshuka kidogo. Amini SINR.

Goba ina vilima na mabonde, kwa hiyo mita 50 zinabadilisha hesabu yote. Masafa ya juu yanayobeba kasi kubwa ya 5G hayapindi juu ya kilima na hayapendi saruji. Bati nalo ni ukuta wa chuma. Ruta ikae juu, kwenye dirisha linaloelekea mnara. Kioo kilichobandikwa karatasi ya kung'aa ya kuzuia jua kinakata sana mawimbi, fungua dirisha upime uone tofauti.

Ukiambiwa ufunge antena ya nje, uliza waya. Waya mwembamba wa RG58 unapoteza karibu dB 1 kwa kila mita kwenye masafa haya. Mita 10 ni dB 10, yaani inabaki sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyoikamata juu ya bati. Afadhali kifaa cha nje ambacho modemu imo ndani yake, kinachoshusha waya wa LAN (waya wa kawaida wa mtandao) peke yake. Waya huo unaenda hadi mita 100 bila shida.

Sasa neno "bila kikomo". Soma masharti utafute GB ambazo ukizivuka kasi inapunguzwa. Hesabu yako ni hii: mikutano masaa 4 kwa siku 22, karibu GB 2 kwa saa kwenda na kurudi, ni GB 176. Mafaili, wastani wa GB 6 kwa siku 22, ni 132. Televisheni masaa 3 kila siku, karibu GB 3 kwa saa kwa picha safi ya HD, ni 270. Jumla GB 578 kabla ya simu za watu watano. Kifurushi kinachopunguza kasi baada ya GB 300 kitakuacha katikati ya mwezi.

Na kamera usizirekodi mtandaoni. Kamera nne za Mbps 2 kila moja zikipakia mchana na usiku ni GB 86 kwa siku, zaidi ya TB 2.5 kwa mwezi. Rekodi kwenye diski ndani ya nyumba, fungua picha kwa simu pale unapotaka kuangalia tu. Laini za simu pia kwa kawaida hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti. Ukiona kwenye ruta anwani ya nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, kufungua milango ya ruta ili uzione kamera kutoka nje ni kupoteza muda. Tumia njia ya msimbo wa QR iliyomo kwenye mashine ya kamera.

---

Bati_na_Nguzo

Kuhusu dishi la mtaani: usilidharau. Likifungwa vizuri linaishinda 5G ya bondeni. Lakini lina masharti.

La kwanza ni kuonana uso kwa uso na mnara. Kuuona kwa shida katikati ya majani hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka ule mstari ulionyooka: kwa kilomita moja kwenye masafa ya GHz 5.8, katikati ya njia panatakiwa pawe wazi zaidi ya mita 2 kila upande. Mwembe uliopogolewa Januari unakuwa ukuta wa majani mabichi yenye maji ifikapo Mei, na ndiyo maana huduma hizi hulalamikiwa wakati wa masika.

Muulize mwenye mnara: ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Yeye mwenyewe anavuta intaneti kwa faiba ya nani, na Mbps ngapi? Antena inayoelekea kwako ina wateja wangapi? Betri za mnara zinakaa masaa mangapi? Dishi ni lako au lake? Anayejibu yote bila kuzunguka ni mtu wa kufanya naye kazi. Akishafunga, kipimo kwenye dishi kiwe kati ya −50 na −65 dBm. Kikiwa −75, asogeze au ainue nguzo.

Waya wa kushuka kutoka kwenye bati uwe wa nje, wa shaba tupu. Kariakoo umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ndani ikiwa nyeupe, rudisha. Waya huo unabeba umeme wa dishi pia, na alumini inapoteza volti njiani, kwa hiyo dishi linajizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana. Nguzo ya chuma iwekewe waya wa kwenda ardhini.

Kuna watakaokushauri Starlink pia, intaneti ya setilaiti. Kabla ya kununua kifaa kilicholetwa kutoka Kenya au kwingineko, ulizia TCRA kama huduma hiyo imepewa leseni hapa. Huo ndio mstari wa sheria, si maneno ya muuzaji.

---

VoltiKumiNaMbili

Swali la umeme halijajibiwa.

Usiwashe jenereta kwa ajili ya ruta. Kisanduku cha faiba na ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, wati 6 hadi 10. Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ile yenye ukubwa wa pawabenki. Inayoandikwa mAh 10,400 inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri za ndani: 10.4 mara 3.7 ni Wh (wati-saa) 38.5. Toa asilimia 15 inayopotea kuinua volti, inabaki karibu Wh 33. Ukiwa na mzigo wa wati 8 unapata masaa manne. Kama ONT na ruta ni vifaa viwili tofauti, gawanya kwa mbili.

Soma lebo ya adapta yako kabla ya kwenda dukani. Imeandikwa 12V 1A, 1.5A au 2A, na UPS isitoe ampea chini ya hapo. Ruta za 5G zinakula zaidi, kwa hiyo UPS iliyotosha ONT inaweza kushindwa kuzibeba. Pima uzito kwa mkono pia: betri nne za ndani, za aina ya 18650, peke yake zina karibu gramu 180. Kasha linaloandikwa mAh 10,400 huku likiwa jepesi kama kiberiti halina betri hizo. Faida ya pili ni umeme unaporudi kwa kishindo: unapiga adapta ya UPS, ruta inabaki salama.

Umeme ukikatika mtaa mzima, 5G inategemea betri za mnara wa simu, dishi linategemea betri za mnara wa jamaa, faiba inategemea kituo chake, ambacho kwa kawaida kina akiba ya umeme. Wewe ukiwa na UPS, faiba ndiyo ya kuitegemea zaidi kati ya hizo.

---

Mkazi_Bondeni

Wakuu, ahsanteni sana. Nimefanya mlivyosema.

Boksi la faiba nimelipata mtaa wa nyuma, kama mita 140 kwa hatua. Fundi amethibitisha matundu mawili yako wazi. Kifurushi wanachotoa ni Mbps 30 kupakua na 30 kupakia. 5G nimepima kwa laini tatu saa tatu usiku. Iliyo bora, kwenye dirisha la juu: RSRP −101, SINR 4, kupakua 38, kupakia 3. Mnara wa mtaani hauonekani, kuna miembe miwili katikati.

Swali la mwisho: faili likipakiwa wakati mwenzangu yuko kwenye mkutano, tutagombana? Na faiba ikikatika nifanye nini?

---

FundiNyuzi

Vipimo vyako vimeshaamua: faiba. Kupakia kwa Mbps 3 kwenye laini iliyo bora usiku kunaitoa 5G kama njia kuu.

Mtagombana, naam, hata kwa Mbps 30. Programu ya kupakia inajaza njia yote ya kupanda, vipande vya sauti ya mkutano vinapanga foleni ndani ya ruta, na mwenzako anasikika kwa kukatikakatika. Kuongeza kifurushi si dawa. Nenda kwenye mipangilio ya programu ya kupakia, iwekee kikomo cha Mbps 20. Faili la GB 8 litachukua dakika 53 na mkutano utabaki na nafasi ya kutosha. Kama ruta yako ina mpangilio wa kupanga foleni, SQM au QoS, iwekee 27 kwenda na 27 kurudi, yaani asilimia 90 ya kasi halisi.

Ruta isikae pale fundi alipoishia na uzi kwa sababu tu ni karibu na dirisha. Mwambie auvute hadi katikati ya nyumba, au weka ONT pembeni na uvute waya wa LAN hadi ruta ya katikati. Kuta za saruji mbili zinatosha kuua waifai ya GHz 5. Televisheni, mashine ya kamera na kompyuta ya mafaili zipewe waya. Kwa GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20, basi.

---

Mawimbi255

Akiba: usiitupe ile laini yenye −101. Kwa mkutano wa video Mbps 3 za kupakia zinabeba. Nunua ruta ndogo ya 4G inayouzwa bila mkataba, pima tena kwa 4G maana masafa yake ya chini hupenya bondeni vizuri zaidi, na uweke bando la siku pale tu LOS inapokuwa nyekundu.

Iwe ya kampuni tofauti na ya faiba, ila ujue kikomo chake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na laini za kampuni tofauti zikayumba pamoja, kwa sababu chini ya bahari zilikuwa zinapita njia ileile. Siku kama hiyo usibadilishe ruta wala usimwite fundi. Fungua tovuti kadhaa: zenye nakala hapa nchini zikifunguka na za ng'ambo zikikwama, nyumba yako haina kosa.

---

FundiNyuzi

Nyongeza: wiki ya kwanza pima kila siku saa tatu usiku, kompyuta ikiwa imechomekwa waya wa LAN, vifaa vingine vimezimwa. Hifadhi picha za skrini zenye tarehe. Kasi ikiwa chini ya Mbps 24 mara kwa mara, peleka malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi na uchukue namba ya kumbukumbu. Ukifika TCRA, jambo la kwanza watakaloulizia ni kama ulianza kwa mtoa huduma.